Si Kila "Sana" ni "Very"

Hotuba kwa vijana wanaojiandaa na kazi za hoteli na kutembeza wageni, Chake Chake, Pemba

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Walimu wenzangu, wazee mliokuja kusikiliza, na nyinyi wanangu mliojazana huko nyuma kama kwamba mbele kuna mtu anauma: sogeeni, viti vipo. Nimeombwa nizungumze juu ya Kiingereza cha kazini. Nikawajibu walioniita kwamba hilo ni jambo pana, tutaondoka hapa usiku na tutakuwa hatujafika popote. Nikaomba nichukue kipande kimoja tu, kidogo, ambacho nakisikia kikiharibiwa kila siku bandarini Mkoani, kwenye mahoteli ya kaskazini, na hata maofisini kwetu. Nacho ni yale maneno ya kukoleza: very, too, so, quite, really, absolutely na jamaa zao.

Mtu ataniuliza, vijineno hivyo vina nini hata vikatuweka hapa asubuhi nzima? Vina jambo. Ukikosea wakati wa kitenzi, ukasema "yesterday I go", mgeni anajua umekosea, anakusamehe na anakuelewa. Ukikosea neno la kukoleza, sentensi yako inabaki nzima, haina kasoro ya kuonekana, ila inasema kitu kingine. Mgeni hajui kwamba umekosea. Anachukua ulichosema na kuondoka nacho.

Shina la tatizo letu ni neno "sana". Neno karimu hilo! Linakaa baada ya kitenzi: anapenda sana. Linakaa baada ya kivumishi: mzuri sana. Linakaa baada ya kielezi: mapema sana. Linaingia hata kwenye salamu na pongezi: ahsante sana, pole sana, hongera sana, karibu sana. Popote utakapoliweka halikatai. Skuli tukaambiwa "sana" ni "very", tukaandika daftarini, tukafunga daftari. Kumbe Kiingereza hakina neno moja lenye ukarimu huo. Kazi anayoifanya "sana" peke yake, wenzetu wameigawa kwa maneno mengi, na kila moja lina mlango wake wa kuingilia.

Tuanze na kosa linalotutia hasara ya fedha, maana hilo mtalikumbuka.

Niliwahi kusimama sokoni Wete, kijana mmoja anauza halua. Wakapita wageni wawili, mke na mume. Kijana ana adabu zake, kakata kipande cha kuonja, kakiweka juu ya karatasi safi, kamnyooshea yule bibi na kusema kwa fahari: "Taste, madam. It is too sweet!" Mkono wa bibi ulikwisha kunyooka, ukarudi. Akatabasamu, akasema "No, thank you", wakaenda zao. Kijana akanigeukia: "Maalim, kwani Wazungu hawapendi vitamu?" Nikamwambia wanavipenda, tena wengine kuliko sisi. Wewe ndiye uliyewaambia kwamba halua yako imezidi sukari na haiwezi kulika.

"Too" ina malalamiko ndani yake. Inasema kitu kimevuka mpaka, na kwa kuvuka mpaka kuna jambo limeshindikana. "The tea is too hot": siwezi kuinywa. "The sea is too rough": leo boti ya Misali haiondoki. Mara nyingi Mwingereza huimalizia mwenyewe kwa "to" na kitenzi, "too hot to drink", "too late to call". Asipoimalizia, msikilizaji huimalizia kichwani. Sasa wewe ukimwambia "Vumawimbi beach is too beautiful", anakaa anasubiri umwambie kuna nini huko. Kuna papa? Kuna kiingilio kikubwa?

Tunaponzwa na "mno". Sisi tunasema "nakupenda mno", na hakuna mke aliyewahi kulalamika kwa kuambiwa hivyo. "Mno" yetu inabeba yote mawili, sifa na kuzidi. "Too" haibebi. Mwenzake wa kweli ni "kupita kiasi". Basi kabla hujaitamka, jaribu kimoyomoyo kuweka "kupita kiasi" pale ulipotaka kusema "sana". Halua hii ni tamu kupita kiasi: utamwambia mteja hivyo? Hutamwambia. Basi usiseme "too". Sema "very sweet", au "really sweet".

Na ile "too much beautiful" tuiache kabisa, maana imejenga makosa mawili katika nyumba moja. "Much" baada ya "too" hutaka nomino isiyohesabika: too much sugar, too much noise. Zinazohesabika hutaka "many": too many people. Kivumishi kikiwa peke yake hakitaki hata moja kati ya hayo.

Kuna pahala pamoja ambapo "too" huwa na uso mkunjufu, nako ni katika maneno kama "I'd be only too happy to help". Hiyo ni kauli ya adabu, maana yake nitafurahi mno kukusaidia. Jifunzeni kama ilivyo, msiikate vipande. Ile "too" ya mwisho wa sentensi, "I'm from Wete too", ni "pia". Hiyo haimo katika mazungumzo yetu.

Turudi kwa "very". "Very" inapenda vivumishi na vielezi: very kind, very early, very slowly. Kitenzi haikigusi. Kiswahili kinasema "napenda sana", na sisi tukihamisha neno kwa neno tunapata "I very like", ambayo hakuna mzawa wa lugha ile anayeitamka. Ukitaka kukoleza kitenzi, una njia mbili. Ya kwanza ni "really", nayo hutangulia: I really like your island, I really appreciate it. Ya pili ni "very much", nayo hungoja mpaka sentensi imalize kutaja kinachopendwa: I like this place very much. Usiichomeke katikati ukasema "I like very much this place". Sisi tumezoea kumpandisha "sana" karibu na kitenzi, "napenda sana pahala hapa". Wao kitenzi na yambwa yake, yaani kile kinachotendwa, hawataki mtu apite kati.

Kwa wale wanaoanza tu, nawashauri mshikamane na "really". Inakwenda na kivumishi, inakwenda na kitenzi, inakwenda na maneno ambayo "very" haiyawezi, nitakayoyasema sasa hivi. Katika maneno yao yote ya kukoleza, hili ndilo lililo karibu zaidi na ukarimu wa "sana". Na asili yake ni ukweli, kama sisi tunavyosema "mzuri kweli". Hata "very" yenyewe, ambayo leo imechakaa mpaka haina ladha, ilitoka katika Kifaransa cha kale, "verai", yaani "kweli". Kwa hiyo Mwingereza wa zamani alipoanza kukoleza maneno alifanya kile kile alichofanya Mswahili: alisema "hii ni kweli".

Sasa nifike mahali ninapopapenda.

Kuna vivumishi ambavyo tayari vimefika kileleni. "Tired" ni kuchoka. "Exhausted" ni kuchoka mpaka basi. "Hungry" ni kuwa na njaa; "starving" ni njaa ya kutaka kuanguka. Big na enormous, cold na freezing, good na excellent, bad na terrible. Vile vya kwanza vina ngazi, unaweza kupanda na kushuka, na "very" ni ngazi mojawapo. Vile vya pili havina ngazi tena, viko juu kabisa. Ukisema "very exhausted" au "very excellent" umemwekea ngazi mtu aliyekwisha kufika darini. Hivyo hutaka maneno ya ukamilifu: absolutely exhausted, absolutely enormous, completely full, totally impossible. Na kinyume chake hakifai vilevile: "absolutely tired" inasikika imepinda, na "completely big" ni kichekesho.

Wanafunzi wangu hunilalamikia hapa. Maalim, tutajuaje neno gani linakwenda na lipi? Mbona Kiingereza kina ubaguzi? Nami huwajibu kwa Kiswahili chao wenyewe. Giza likizidi tunasemaje? Giza totoro. Mtu akilala hasa? Kalala fofofo. Nguo zikilowa? Chepechepe. Nyeupe je? Pepepe. Nyeusi? Tititi. Jahazi likijaa? Pomoni. Mlango ukifungwa barabara? Ndi. Haya, nani kati yenu alikaa darasani akafundishwa kwamba giza halilali fofofo na nguo haziwi totoro? Hakuna. Mmeyanyonya pamoja na maziwa. Mtu akija hapa akasema "kalala pepepe" mtacheka mpaka machozi yawatoke, na hamtaweza kumweleza kwa nini.

Basi na wao wana yao. Giza totoro kwao ni "pitch dark". Kulala fofofo ni "fast asleep" au "sound asleep". Na hiyo "fast" haina mbio yoyote, ni "fast" ya zamani yenye maana ya kushikamana, kukaza. Chepechepe ni "soaking wet". Macho makavu usiku, "wide awake". Kipya kabisa, "brand new". Na yule ambaye sisi tunamwita uchi wa mnyama, wao wanasema "stark naked". Ukisema "very asleep" au "very awake" utaeleweka, lakini utakuwa kama yule wa "kalala pepepe".

Nasema haya kwa makusudi, maana naona vijana wanaingia darasa la Kiingereza huku wameinamisha vichwa, kama kwamba lugha yao haina sarufi. Lugha hii ndiyo iliyokaliwa kikao Mombasa mwaka 1928, ikachaguliwa ile ya Unguja mjini kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. (Sisi Wapemba tukaachwa na yetu, na mpaka leo hatujasema kitu.) Mtu mwenye utajiri wa totoro na fofofo hana sababu ya kuogopa "pitch" na "fast". Anachotakiwa ni kuyachukua kama alivyoyachukua yale: neno na mwenzake, wawili wawili, kwa kusikia.

Mengine ya namna hiyo, yale ya kazini hasa, nayataja mbiombio na mwenye kalamu aandike. Hoteli ikijaa ni "fully booked", si "very full". Jambo lililokatazwa ni "strictly forbidden". Ukimsihi mgeni asiogelee wakati maji yanakupwa kwa nguvu, "I strongly advise you not to swim". Mgahawa unaousifia, "I highly recommend it". Mtu aliyeumia ni "badly hurt", mgonjwa mahututi ni "seriously ill". Shukrani zikiwa za moyoni ni "deeply grateful". Na usishangae ukisikia "I'm terribly sorry" au "that's awfully kind of you". Maneno hayo yalianza katika kutisha na kuogofya, yakaishia kuwa ya kukoleza tu, kama vijana wa mjini wanavyosema "mzuri hatari" au "tamu balaa". Balaa liko wapi katika biriani?

Katika kulinganisha, "very" haina nafasi. Tunasikia "Unguja is very bigger than Pemba". Hapana. Mwenye "-er" au "more" anakolezwa kwa "much" au "far": Unguja is much bigger than Pemba. Na sisi tujibu, Pemba is far greener. Waarabu hawakukosea kukiita kisiwa hiki Kisiwa cha Kijani, al-Jazira al-Khadra. Ikiwa ni cha juu kuliko vyote unasema "by far the best".

"So" na "such" ni ndugu wasiokaa nyumba moja. "So" hutaka kivumishi peke yake: the beach is so quiet. Ikifuata nomino, ni "such": such a quiet beach. Hiyo "a" ndiyo inayotutoroka, maana Kiswahili hakina kitu kama hicho, na masikio yetu hayaioni pengo lake. Wakiwa wengi "a" haihitajiki: such kind people. Na "enough" hukaa nyuma ya kivumishi, warm enough, si "enough warm". Hapo tuna bahati, kwani nasi tunasema "moto vya kutosha", mpango ule ule.

"Kabisa" nayo inahitaji tahadhari, hasa penye kukana. "Sijui kabisa" watu huitafsiri "I completely don't know". Wao wanasema "I don't know at all", au vizuri zaidi, "I have no idea". Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni mahali unapoliweka neno la kukoleza ukiwa na "not". Sikilizeni sentensi mbili hizi. "I don't really like it." "I really don't like it." Maneno ni yale yale, mpangilio umebadilika. Ya kwanza ni ya upole: sikipendi sana, si mno. Ya pili ni kali: sikipendi hata kidogo, kiondoe. Vivyo hivyo "I don't completely agree" ni mtu anayekubaliana nawe sehemu na sehemu hakubali, na "I completely disagree" ni ugomvi. Kanuni yake si ngumu: "not" ikitangulia neno la kukoleza, inalivunja nguvu. Neno la kukoleza likitangulia "not", linaipa "not" nguvu zake zote. Mgeni akisema juu ya chakula "I don't really like it", una nafasi ya kumuuliza abadilishiwe nini. Akisema "I really don't like it", ita mpishi.

Nije kwenye "quite", ambayo imewakosesha watu usingizi. Mtu mmoja mwenye nyumba ya wageni alinionyesha maoni aliyoachiwa na mgeni kutoka Uingereza: "The room was quite nice and the breakfast was quite good." Alikuwa kayabandika ukutani, kwa kuwa alijua "quite" ni "kabisa". Sikutaka kumvunja moyo, lakini ilibidi. Kwa Mwingereza, "quite" pamoja na kivumishi chenye ngazi ni "kiasi". Chumba kilikuwa kizuri kiasi. Kifungua kinywa, hakijambo. Yaani alilala, akala, akaondoka. Mmarekani angeandika maneno hayo hayo huenda ingekuwa sifa, kwani kwao "quite" mara nyingi huinua. Kwa hiyo lazima ujue kaandika nani.

Tena haiishii hapo. "Quite" hiyo hiyo, hata kinywani mwa Mwingereza, ikikutana na kivumishi kisicho na ngazi inageuka kuwa "kabisa": quite impossible, quite right, quite sure. Na katika mazungumzo, sauti nayo ina lake. Akiikazia "quite", "it's QUITE good", ana dukuduku, kuna "lakini" inakuja. Akiikazia "good", amependa. Sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa hilo kwa kirefu. Mtu akisema "mzuriii" kwa kuvuta, tunajua anasifu au anakejeli kabla hajafunga mdomo.

Majirani wa "quite" ni "rather" na "fairly". "Rather" huelekea kwenye malalamiko: rather noisy, rather small, rather expensive. Ukiisoma kwenye maoni ya mgeni, tafuta kilichomuudhi. "Fairly" ni ya wastani, ya kupasi mtihani bila kupongezwa. Usiitumie kwa mali yako. Kijana akimwambia mgeni "Our kitchen is fairly clean", mgeni atakwenda kula pengine.

Na lipo jengine ambalo limekwisha kumkosesha mtu kazi, nalo ni "hardly". Katika barua za kuomba kazi nimeisoma sentensi "I work hardly" mara nyingi mpaka nikazoea. Mwandishi anakusudia "nafanya kazi kwa bidii". Kwa kuwa slow ina slowly na quick ina quickly, akadhani hard lazima iwe na hardly. "Hardly" ni "kwa shida, karibu na hapana". "I hardly work" ni kukiri kwamba hufanyi kazi. Bidii ni "I work hard", bila "-ly". Mvua nayo ni hivyo hivyo. "It rained hard" ni mvua kubwa, ile ya kukimbilia kuanua karafuu majamvini. "It hardly rained" ni manyunyu, hata jamvi halikulowa. Lete habari hizo mbili kwa tajiri wa karafuu uone tofauti ya uso wake.

Kabla ya maswali, neno kwa wale wanaotembeza wageni. Mkishayajua maneno haya, msiyatumie yote. Nimefuatana na kundi moja, mtembezaji kila hatua ni "very very old", "very very beautiful", "very unique". Wageni wakaacha kusikiliza. Juu ya "unique" wenyewe wanabishana kama inakubali kukolezwa, maana kilicho cha pekee ni cha pekee. Mimi nasema mkwepe ubishi huo kwa kutaja jambo lenyewe. Mkifika Kidike, msiseme popo wale ni "very unique". Semeni: wanapatikana Pemba tu, duniani kote hakuna pengine, na akikunjua mabawa anafika zaidi ya mita 1.5 toka ncha hadi ncha. Mgeni ataangalia juu mwenyewe na kusema "wow". Mkifika mnara wa taa wa Kigomasha, "very old" haisemi kitu kwa mtu aliyetoka katika mji wenye makanisa ya miaka 800. Mwambieni ulijengwa mwaka 1900, ni wa chuma, na mpandisheni juu akaone. Ukitia chumvi nyingi mgeni huanza kukutilia shaka hata pale unaposema kweli.

Haya, maswali.

Binti mmoja wa mapokezi aliuliza kama kurudia "very" mara mbili ni kosa. Si kosa, mwanangu. "Very, very good" ni kukaza tu, na watu wanasema. Ila usidhani ni sawa na kurudia kwetu. Sisi tukisema "sanasana" maana imekwenda kwengine: "sanasana atachelewa saa moja", yaani asipozidi hapo. Wao kurudia hakubadilishi maana, kunazidisha tu. Kwenye barua ya kazi usirudie. Ukiwa mapokezi, mara moja kwa siku inatosha. Na hapo hapo nikuongezee: mgeni anapoingia, "karibu sana" ni "Welcome!" au ukitaka heshima, "You're most welcome". Ile "You're welcome" tupu wao huitumia kujibu ahsante, ndiyo maana baadhi yao hushangaa wanapojibiwa ahsante ambayo hawajaitoa.

Mwalimu mmoja aliuliza kwa nini mtihani unakubali "I quite like it" ilhali nimesema "very" haigusi kitenzi. Swali zuri, maalim. Nimeitaja "very" peke yake. "Quite", "rather" na "really" zote hukubali kutangulia kitenzi: I quite like it, I rather enjoyed it. "Very" ndiye mwenye kukataa, mpaka aandamane na "much".

La mwisho lilikuwa la kijana anayepeleka watu Misali. Anasema alimzungusha mgeni siku nzima, akamtafutia kasa wa kumuona, akamkaangia samaki, na jioni alipomuuliza safari ilikuwaje, mgeni akajibu: "Not bad. Not bad at all." Kijana alirudi nyumbani hana raha. Bwana, ulisifiwa. Mwingereza akisema "not bad at all" ni mtu aliyefurahi, ila hapendi kupiga kelele. "Not too bad" iko chini yake kidogo, salama tu. Mjibu "I'm glad you enjoyed it" na umpe namba yako awape wenzake. Usichanganye na "not very good". Hiyo, licha ya upole wake, maana yake ni mbaya. Akikwambia hivyo keti naye umuulize ni kipi kilichoharibika, na umuulize kabla hajapanda ndege.